Barafu Haitoki

Ndugu msomaji, ukisikia neno historia huenda mawazo yako yanakimbilia vita, masultani na mikataba. Mie leo nakuomba uingie nami jikoni kwetu Temeke, tusimame mbele ya friji ya milango miwili ambayo karibu mwezi mzima ilitunyima barafu. Katika kutafuta ubovu wake nilisoma historia nyingi kuliko ile niliyoikariri sekondari, na safari hii nilikuwa na sababu ya kuisoma, kwani ugali wetu ulikuwa unategemea jibu.

Mambo yalianza hivi. Tangu baba afariki, nyumba yetu ilikuwa inaendeshwa na barafu. Mama alikuwa na friza ya kizamani, ile ya kifuniko cha juu, imeliwa na kutu pembeni na kifuniko kinafungwa kwa kamba ya mpira, lakini ikigandisha imegandisha. Usiku anajaza humo mifuko ya maji, alfajiri kina mama wauza samaki wanapitia barafu zao wakielekea Feri. Mchana ni zamu ya watoto wa shule, hao wanataka barafu za ubuyu na ukwaju. Mwaka 2015 mjomba wetu anayeishi Maskati akapiga simu. Alikuwa anabadilisha vyombo vya jikoni, ana friji kubwa bado nzima, na tena siyo friji ya kawaida, eti inatengeneza barafu yenyewe. "Dada," alimwambia mama, "kazi yako wewe itakuwa kukinga tu."

Sasa fikiria: mtu anauza barafu, halafu anaambiwa ipo mashine inayotengeneza barafu yenyewe. Mama usiku ule hakulala. Lakini mzigo hautoki bandarini bure, kuna ushuru, kuna gari la kuubeba, kuna vijana wa kushusha. Mama akaiuza friza yake akalipa.

Friji ilipofika mtaa mzima ulikuja kuiona. Kwenye mlango wa kushoto kuna mdomo kama wa chura. Unasukuma glasi, barafu zinaporomoka zenyewe. Ndivyo tulivyoambiwa. Kijana mmoja akatuungia mpira mwembamba kutoka kwenye tanki letu la nje hadi nyuma ya friji, tukawasha, tukakaa kusubiri kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani. Asubuhi mama akasukuma glasi. Kitu kikaguguma ndani, hakikutoka kipande. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne kina mama wa samaki wakahamia nyumba ya jirani, na mimi siwalaumu, samaki hawasubiri.

Akaitwa fundi. Akaweka sikio lake ubavuni mwa friji, akasema, "Bi mkubwa, gesi imekwisha." Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na masomo yangu yalikuwa ya sayansi. Nikamwambia, "Lakini fundi, nyama iliyomo humu imeganda kama jiwe." Akacheka, akamtazama mama badala ya kunitazama mimi: "Huyu binti asome vitabu vyake, friji atuachie wenyewe." Akajaza gesi. Shilingi elfu sabini zikaenda. Nyama ikaendelea kuganda kama mwanzo, na barafu ikaendelea kutotoka kama mwanzo.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana neno hili "gesi imekwisha" limewala watu wengi. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa kwenye jiko. Imefungiwa ndani ya mabomba, inazunguka. Kompresa inaikandamiza, inapata joto, joto hilo linatolewa nje nyuma ya friji ambako ukigusa kuna fukuto. Kisha gesi iliyogeuka maji inapitishwa kwenye kitundu chembamba, inatanuka na kuchemka, na katika kuchemka huko inavuta joto kutoka kwenye chakula chako. Inarudi, inaanza upya, miaka na miaka. Ikipungua basi kuna mahali panavuja, na friji inayovuja haigandishi nyama. Kwa hiyo yetu gesi ilikuwamo. Ubovu ulikuwa kwingine, katika kile kidude kidogo cha barafu tu.

Fundi wa pili alikuwa muungwana zaidi. Alikifungua, akaona bomba dogo linaloleta maji limezibwa na kizibo cha barafu. Akaliyeyusha kwa maji ya moto. Jioni ile tukapata barafu! Vipande kumi na moja, vyembamba, vina uwazi katikati kama maganda ya karanga. Mama akashangilia, akawapigia simu wateja. Kesho yake bomba likaziba tena. Fundi akarudi, akayeyusha, likaziba. Mara ya tatu hakupokea simu.

Ndipo nikachukua kitabu cha maelekezo kilichokuja na friji, upande mmoja Kiarabu, upande mmoja Kiingereza, nikakaa sakafuni. Naomba nikueleze kidude kinavyofanya kazi, maana ukishakielewa utaona kuwa si muujiza. Nyuma ya friji kuna vali ya umeme. Ikifunguka kwa sekunde chache, maji yanapanda kwenye bomba na kumwagika katika trei ndogo ya chuma iliyo ndani ya friza. Pembeni mwa trei kuna themostati inayohisi baridi. Trei ikishuka hadi kama nyuzi tisa au kumi chini ya sifuri, themostati inajua kuwa maji yameshaganda, basi inawasha mota, na chini ya trei hita inapata joto kidogo ili barafu ibanduke. Vidole vya plastiki vinazunguka na kuzisukuma barafu kwenye ndoo. Upo pia mkono wa waya unaolala juu ya ndoo. Barafu zikijaa zinauinua, na ukiinuka mashine inasimama. Basi, hayo ndiyo yote.

Nikaanza kukagua kimoja kimoja. Mkono wa waya ulikuwa chini, sawa. Friza ilikuwa na baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, sawa. Mota ilizunguka nilipoisogeza kwa mkono. Kichujio cha maji nilikitoa na kukipuliza, kisafi. Yakabaki maji yenyewe. Na hapo, kabla sijakuambia nilichokiona, nilijiuliza swali la kipuuzi: hivi ni nani aliyeona kuwa kumwaga maji kwenye trei ni kazi ngumu kiasi kwamba itungiwe mashine? Nikaanza kusoma, maktabani na kwenye simu, usiku mama akiwa amelala.

Barafu ilianza kuuzwa mbali kabla haijatengenezwa. Mwaka 1806 kijana mmoja wa Boston, Frederic Tudor, alipakia barafu iliyokatwa kwenye ziwa wakati wa kipupwe, kiasi cha tani 130, akaipeleka kisiwa cha Martinique. Watu wa Boston walimcheka. Sehemu kubwa iliyeyuka na hasara ikamwandama, hata akafungwa kwa madeni zaidi ya mara moja. Lakini hakuacha. Alijifunza kuifunika barafu kwa unga wa mbao kutoka viwanda vya kupasulia magogo, uchafu uliokuwa ukitupwa, na mshirika wake Nathaniel Wyeth akabuni jembe la kukokotwa na farasi ili kuikata ziwani kwa vipande vinavyolingana. Mwaka 1833 meli yao Tuscany iliondoka Boston na tani kama 180 ikafika Calcutta mwezi wa Septemba, miezi minne baharini, imevuka ikweta mara mbili, na tani kama 100 bado ni barafu.

Mwezi huohuo wa Septemba 1833, tena mjini Maskati, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, mji ulio karibu na Boston, walikuwa tayari wakija Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi na kuleta kile kitambaa ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita marikani. Nilipoyasoma hayo niliitazama friji yetu, bidhaa iliyopitia Maskati kuja kwetu, nikacheka peke yangu. Njia ni ya zamani.

Aliyenigusa zaidi lakini ni daktari. John Gorrie alikuwa akitibu wagonjwa wa homa huko Apalachicola, Florida, mji wa bandari wenye joto na vinamasi. Enzi zile iliaminika kuwa homa ya malaria inaletwa na hewa mbaya, na jina lenyewe la malaria kwa Kiitalia maana yake ni hiyo. Kwamba ni mbu haikuthibitishwa mpaka Ronald Ross mwaka 1897. Gorrie alitundika bakuli la barafu darini juu ya vitanda ili hewa baridi iwateremkie wagonjwa. Sababu aliyoishika ilikuwa ya makosa, lakini mwenye homa aliyepozwa alipata nafuu. Tatizo lake lilikuwa lilelile la mama yangu: barafu haitoki. Ilikuwa inakuja kwa meli kutoka kaskazini, meli ikichelewa hamna. Basi akaunda mashine. Alikandamiza hewa kwa pampu, akaipoza kwa maji, kisha akaiacha itanuke ghafla, ikawa baridi ya kugandisha. Mwaka 1851 alipewa hataza namba 8080. Gazeti la New York likamkejeli, likaandika kuwa kuna kichaa huko Florida anayejidai kutengeneza barafu sawa na ya Mwenyezi Mungu. Mshirika aliyekuwa amtolee fedha akafa. Gorrie mwenyewe akafa mwaka 1855, hana kitu. Leo sanamu yake imo katika jengo la Bunge la Marekani, na mimi sijui kama sanamu inamfaa mtu aliyekwisha kufa akichekwa.

Wengine nawapitia haraka. James Harrison, mpiga chapa wa Geelong, Australia, alitengeneza barafu kwa etha katika miaka ya 1850. Mfaransa Ferdinand Carré alitumia amonia mwaka 1859. Mashine hizo zilikuwa kubwa kama nyumba, za viwanda vya bia na nyama. Friji ilipoanza kuingia majumbani miaka ya 1910 na 1920 ilikuja na sumu ndani yake, amonia na dioksidi ya salfa, na bomba likipasuka usiku familia nzima iliweza kufa kitandani. Habari ya familia moja ya Berlin iliyokufa hivyo ndiyo iliyomfanya Albert Einstein, naam, Einstein mwenyewe, akae na rafiki yake Leo Szilárd kubuni friji isiyo na kitu cha kuzunguka. Haikufika sokoni. Kilichofika ni gesi ya freoni, waliyoivumbua Thomas Midgley na wenzake mwaka 1928, isiyonuka, isiyoua, isiyoshika moto. Kila mtu alifurahi mpaka mwaka 1974, wanasayansi Molina na Rowland walipoonyesha kuwa gesi za namna hiyo zikipanda angani zinaila tabaka la ozoni. Ukaja mkataba wa Montreal mwaka 1987, na zile gesi zilizochukua nafasi ya freoni nazo zikaonekana zinaongeza joto la dunia, ndipo nchi zikakutana Kigali, Oktoba 2016, zikakubaliana kuzipunguza. Kwa hiyo fundi anayefungua mkebe wa gesi uani kwako, anaijaza friji isiyovuja au anaiachia hewani, anashika kitu ambacho mataifa yamekesha wakikijadili. Yule wetu alikuwa anavuta sigara.

Sasa turudi kwenye trei. Watu wa friji za nyumbani walikuwa wanagandisha maji kwenye trei za chuma, na kuzibandua barafu ilikuwa shughuli ya kugonga na kumwagia maji ya bomba. Mwaka 1933 ilitokea trei ya chuma kinachopindika, kazi ya Mmarekani Guy Tinkham. Halafu mwaka 1953 kampuni ya Servel, ya Evansville katika jimbo la Indiana, ikatoa friji ya kwanza ya nyumbani inayotengeneza barafu yenyewe. Servel hao ndio waliojulikana kwa friji za kuendeshwa kwa moto wa gesi au mafuta ya taa, aina ileile ambayo wazee wetu waliiona misheni na katika zahanati zisizo na umeme, inatunza chanjo kwa utambi. Mtu huyohuyo, mkono mmoja ametengeneza friji ya mahali pasipo na waya wala bomba, mkono wa pili ametengeneza friji ambayo bila waya na bomba haifai kitu. Ile ya pili ndiyo babu wa friji yetu.

Bomba. Hapo ndipo taa ilipowaka kichwani kwangu.

Nikarudi kwenye kitabu, ukurasa wa ufungaji, ambao hakuna fundi aliyeufungua. Maji, kinasema, yaingie kwa msukumo usiopungua paundi 20 kwa inchi ya mraba. Mwanafunzi yeyote wa fizikia anajua hesabu yake: ili maji yasukume kwa nguvu hiyo kwa uzito wake tu, lazima yawe juu kiasi cha mita 14. Nikatoka nje na futi ya kushonea ya mama. Kichanja cha matofali kinachobeba tanki letu kina mita mbili. Tanki likijaa, maji yanapanda kama mita moja na ziada. Jumla ni mita tatu hivi, yaani paundi nne na kidogo, na likibaki nusu ni chini ya hapo. Tungelipaswa kulipandisha tanki juu ya mnazi.

Kila kitu kikajipanga. Vipande vile vyembamba vyenye uwazi: vali inafunguka kwa sekunde zake zilezile, lakini maji yetu yanakuja kwa uvivu, trei haijai. Kizibo cha barafu kwenye bomba: vali ya namna ile inasaidiwa kujifunga na msukumo wa maji yenyewe, msukumo ukiwa mdogo haijifungi vizuri, inaachia tone, tone linakutana na baridi mdomoni mwa bomba linaganda, na matone yakifuatana bomba linakwisha. Haikuwa mbovu hata kidogo ile friji. Ilikuwa inafanya kila ilichofundishwa. Iliundwa kwa ajili ya nyumba ambayo nyuma yake upo mji mzima, wenye mnara wa maji juu kuliko mapaa na bomba lisilolala, na sisi maji yetu yalikuwa ya mgao, mara mbili kwa wiki, tunayahifadhi.

Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Vipi, barafu inatoka?"

"Mjomba, hapo kwako maji yanaingiaje jikoni?"

"Kwenye tanki, kama nyie. Tanki liko juu ya paa."

"Yanashuka yenyewe?"

"Aa, ipo pampu. Ukifungua tu koki inajiwasha."

Pampu! Katika maelezo yake yote ya friji mjomba hakuitaja, na angeitajaje, mtu hutaji pumzi yake.

Kwa hiyo dawa ilikuwapo: kununua pampu ndogo. Nikaiandika bei, na nilikuwa karibu kumpelekea mama habari njema, bahati nzuri nikasoma mstari mmoja zaidi. Vidude hivi, vikiwa vizima na maji ya kutosha, hutoa kilo moja na nusu, labda mbili, kwa siku nzima. Friza ya zamani ilikuwa inampa mama mifuko thelathini ya kilo moja moja kila alfajiri. Mashine iliyotungwa mwaka 1953 ilitungwa kwa ajili ya glasi za familia na za wageni wa jioni. Hata ingekuwa nzima kabisa, hata tungejenga mnara wa maji pale uani, ingewatosha kina mama wa samaki kwa dagaa wa sahani moja.

Kumweleza mama ndiyo ilikuwa kazi. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza msukumo, nikamweleza kilo mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso.

"Kwa hiyo," akasema, "friza yangu nimeiuza bure."

Sikuwa na la kujibu. Fizikia haina ukurasa wa jambo hilo.

Akaendelea kuchambua mchele. Baada ya kitambo akauliza, "Hicho kidude kinatoka?" Nikasema kinatoka, kina skurubu chache tu na plagi ya waya. "Basi kitoe. Na ndoo yake itoe. Kinakula nafasi." Nikaogopa kidogo, nikamkumbusha kuwa ni zawadi ya mjomba. Akasema, "Mjomba wako kanipa friji, hajanipa kabati la maonyesho."

Nilizima umeme, nikafunga koki ya maji, nikaling'oa. Nafasi iliyopatikana ilitushangaza. Mifuko kumi na nane ya kilo moja iliingia, si thelathini, lakini alfajiri mbili baadaye wateja watatu kati ya wale wa zamani walikuwa mlangoni.

Limebaki jambo moja, na hili linanihusu mie na aibu yangu. Jioni ile ya kwanza mama alichemsha maji ya ubuyu, akayajaza kwenye vifuko yangali na moto, akaanza kuyapanga ndani. Nikaruka: "Mama, utaiua friji! Yaache yapoe kwanza, ya baridi ndiyo yanawahi kuganda." Akanijibu bila kugeuka kuwa ya moto ndiyo yanawahi, na kuwa kila muuza barafu anajua. Nikacheka. Nilicheka kicheko kilekile cha fundi wa gesi, nakiri.

Siku chache baadaye nikakumbuka jina ambalo mwalimu wetu alilitaja mara moja akalipita: Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Magamba, kule juu Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akawahi kwa maziwa yasiyochemshwa. Mpemba akaona akingoja yapoe atakosa, akayaingiza ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito. Akamwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Likizo akaenda Tanga mjini, na rafiki yake muuza aiskrimu akamwambia kuwa wao siku zote wanaweka ya moto, yanawahi, na wauzaji wengine wakasema hivyohivyo. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Darasa zima likaushika msemo huo na kumtania nao kila akikosea. Akaja Dakta Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza lilelile. Wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka, alirudi Dar, akajaribu, na mwaka 1969 majina yao wawili yakatoka pamoja katika jarida la Physics Education. Baadaye watu wakakumbuka kuwa Aristotle na Francis Bacon nao walikuwa wameligusia jambo hilo.

Msinifahamu vibaya, siandiki ili kusema mama alishinda. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya kwa uangalifu, wakaandika kuwa hawakuona ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto yanawahi, na wapo wengine wanaobishana nao hadi sasa. Wengine wanasema ni mvuke unaopunguza maji, wengine kwamba chombo cha moto kinayeyusha sakitu iliyo chini yake kikagusana na chuma vizuri. Mimi mwenyewe nilijaribu kwa vifuko viwili vya ujazo sawa, siku tatu. Usiku wa kwanza cha moto kiliwahi. Usiku wa pili kiliwahi cha baridi. Usiku wa tatu umeme ulikatika, tukalala.

Lakini wale wauzaji wa Tanga walijibiwa swali lao na nani kabla ya Mpemba kuuliza? Hakuna aliyekwenda kuwauliza. Na mimi, mwenye cheti cha fizikia, nilikuwa na mmoja wao nyumbani kwangu, nikamcheka.

Kidude kimo kwenye kiroba juu ya kabati mpaka leo, na vidole vyake vya plastiki. Mjomba alipiga simu wakati wa Idi. Mama akaweka sauti ya nje ili sote tusikie salamu, na baada ya salamu likaja swali tulilolingojea.

"Dada, hujaniambia. Barafu inatoka?"

Mama akanitazama. Mikono yake ilikuwa imeloa, alikuwa anafunga mafundo ya vifuko.

"Inatoka, mdogo wangu," akasema. "Inatoka mpaka tunauza."